Moyo wa Siku Tisa

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye kona ya pili ya uwanja wa mazoezi, mzunguko wa tisa kati ya kumi na miwili. Mzee Gundi anaijua saa hiyo kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha kazi chini ya jukwaa, kiatu cha mtu mkononi, na saa kubwa ya uwanja ilikuwa mbele ya macho yake. Alisikia mlio. Ta! Kama mkanda wa ngozi uliovutwa mpaka ukashindwa. Yeye ni fundi viatu, milio ya vitu vinavyokatika anaijua, na kabla hajageuza shingo alishajua kwamba hicho kilichokatika hakishoneki kwa uzi wake.

Binti yake alikuwa chini. Ameshika kisigino cha kushoto kwa mikono miwili, mdomo umefumbwa kama bahasha. Wenzake wanne aliokuwa akikimbia nao walisimama, mikono kichwani. Kocha alikuwa akimkimbilia, na kitambi chake cha uzeeni kikimkimbilia na yeye. Lakini yule mtaalamu wa takwimu, ambaye wanariadha walimbatiza jina la Asilimia, hakukimbia. Alibaki kando ya uwanja na kishikwambi chake. Akakigusa. Akakigusa tena. Akakunja uso kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza, kisha akasema kwa sauti ya kulalamika kabisa:

"Lakini mbona yupo kijani?"

Mzee Gundi aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Mtoto wa watu yuko chini, mguu umekatika, na bwana mzima anabishana na mguu.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana ubaya wa watu hawa haukuanza asubuhi ile.

Mzee Gundi alikuwa na miaka kumi na tisa katika kambi ile ya riadha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika na wote isipokuwa karani wa ofisi, na karani mwenyewe alilikumbuka kwa kulisoma. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Ngazi za jukwaa ndizo zilizokuwa dari, kwa hiyo ukiingia upande wa kulia unasimama wima na ukisogea kushoto unainama, na mgeni asiyejua alitoka na nundu. Ndani mlikuwa na meza moja, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, misasa, makopo ya gundi, na ukutani zilining'inia soli. Soli kuukuu, kila moja kwenye msumari wake, na juu yake tarehe iliyoandikwa kwa penseli.

Watu walidhani ni uchafu. Kumbe mzee alikuwa akizisoma. Aliishia darasa la nne, vitabu vilimshinda mapema, lakini soli haikumshinda hata siku moja. Akiiangalia soli alijua huyu anavuta mguu wa kulia, huyu amebadilisha hatua tangu mwezi uliopita, huyu nyonga inamsumbua na anajitia hamnazo. Zamani, kila Jumatatu asubuhi, Kocha alikuwa akishuka pale chini, anakalia ndoo iliyopinduliwa, na wawili wale wanapitia viatu kimoja kimoja.

"Huyu mrefu vipi, mzee?"

"Mpumzishe siku tatu. Kidole gumba kinasukuma kuliko nyonga."

Na alipumzishwa. Hakuna aliyeomba ripoti wala kura. Mtu alipumzishwa, basi, akapona.

Kisha akaja Asilimia na masanduku yake. Kijana mwenye shati jeupe, miwani miepesi, na viatu ambavyo Mzee Gundi aliviangalia mara moja tu akajua kwamba mwenye navyo hajawahi kukimbia hata kuwahi mvua. Katika masanduku mlikuwa na mikanda ishirini ya kufunga kifuani, kila mmoja na namba yake na kidude kidogo kama kifungo cha koti. Mwanariadha anaamka, anaufunga, analala kimya dakika tano kabla ya kushuka kitandani. Mazoezini anaufunga tena. Mapigo ya moyo yanaruka hewani, yanatua kwenye kishikwambi, na kishikwambi kinatoa rangi. Nyekundu, apumzike. Njano, aende polepole. Kijani, aongezewe mzigo.

Mkurugenzi wa kambi alifurahi mpaka akasahau kuficha meno. Alining'iniza skrini pana ofisini kwake ghorofa ya pili, wanariadha wote ishirini wakawa vinukta ukutani, na wageni wakija anawaonyesha kwa kijiti. Tangu siku ile hakushuka tena uwanjani. Ashuke kufanya nini? Uwanja ulikuwa umempandia ukutani.

Na Kocha naye akaacha kuja Jumatatu. Ndoo ikabaki imepinduliwa.

Mzee Gundi hakushangaa. Watu wa aina hii alishawahi kukutana nao. Miaka miwili nyuma, mkewe, aliyekuwa dobi wa kambi hiyo hiyo, alilazwa kwa homa ambayo haikutaka kuondoka. Mzee alikaa miguuni pa kitanda ameshika nyayo zake, maana miguu ndiyo kazi yake, na alasiri moja nyayo zile zikaanza kupoa. Akamwendea msimamizi wa wodi. "Miguu imekuwa ya baridi." Msimamizi hakuinua hata kichwa. "Mzee, vipimo vya asubuhi viko sawa." Akachukua kadi, akaandika: anaendelea vizuri. Wino ulikuwa haujakauka na mama wa watu alikuwa ameshakwenda. Ile kadi mzee anayo mpaka leo. Anaendelea vizuri. Anaendelea wapi, hawakuandika.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, huyu binti. Kambini walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopenya katikati ya wakimbiaji kwenye kona ya mwisho. Mbio zake zilikuwa za mita elfu tano. Alikuwa na kitanda katika bweni la kambi, daktari wa kambi, na nafasi katika orodha ya mchujo wa mwezi wa sita, ambao ungempeleka kukimbia nje kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na nje ya mbio hakuwa na mbele wala nyuma, sawasawa na baba yake nje ya viatu.

Jumanne ya tarehe tano, siku tisa kabla ya ule mlio, Sindano alishuka chumbani kwa baba yake na mkanda wake mkononi, namba kumi na nne.

"Shikamoo baba. Umekatika."

"Marahaba. Umeukataje?"

"Lastiki imechoka. Ona, bizimu limeng'oka na kipande."

Kazi ya dakika kumi. Kipande cha lastiki, mishono miwili, basi. Lakini mwaka uliopita Mzee Gundi alikuwa ameushona mkanda wa mtu kwa lastiki yake mwenyewe, akaletewa barua ya onyo iliyogongwa mhuri: fundi ametumia vifaa visivyoidhinishwa katika chombo cha kitaalamu. Barua! Kwa lastiki! Kwa hiyo safari hii akafanya wanavyotaka. Akajaza fomu ya kuomba lastiki, nakala mbili, akapanda ghorofani, karani akaigonga mhuri wa tarehe na kumrudishia nakala yake.

"Bosi akisaini tu, stoo watakupa."

"Atasaini lini?"

"Yuko kwenye kikao, mzee wangu."

Mkanda akauweka kwenye kopo la vifungo, akafunika. Jumatano mkurugenzi alikuwa kwenye kikao. Alhamisi alikuwa kwenye kikao. Wiki iliyofuata alikuwa na wageni, na baada ya wageni akawa na kikao cha kuzungumzia wageni.

"Umemwambia yule bwana kwamba huna mkanda?" mzee alimwuliza binti yake.

"Nimemwambia siku ile ile."

"Akasemaje?"

"Akasema nisijali. Mfumo utajisahihisha."

Kwa akili yake ya darasa la nne, Mzee Gundi alielewa kwamba maana yake ni hii: asiye na mkanda hana rangi, na asiye na rangi ataangaliwa kwa macho, kama binadamu. Akaridhika. Lo! Angejua.

Jumatano ya tarehe kumi na tatu, mchana, Sindano alileta viatu vya mazoezi vigandishwe soli. Mzee akakigeuza cha kushoto. Akakisogeza kwenye taa. Akashusha ukutani soli ya mwezi wa kwanza, akaziweka pamoja. Ukingo wa nje ulikuwa umelika kama sabuni, na kisigino kilikuwa kipya, hakijaguswa. Akatoka na kiatu mkononi mpaka kwa Kocha, aliyekuwa akihesabu koni kando ya uwanja.

"Kocha, tazama hiki."

"Nini tena, mzee?"

"Cha Sindano, cha kushoto. Hakanyagi kisigino. Anakikwepa. Wiki nzima sasa."

"Mwenyewe amesema anaumwa?"

"Huyo? Huyo hata akiungua atakuuliza kama moshi unakusumbua."

Kocha akacheka, kisha cheko likamwishia njiani. Alikishika kiatu, akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo, taratibu, kama zamani. Aliona. Mzee Gundi yuko tayari kuapa popote kwamba aliona.

"Orodha ya kesho imeshatoka ofisini," Kocha akasema. "Yumo. Mizunguko kumi na miwili, kasi ya mashindano."

"Mwondoe."

"Nikimwondoa mtu aliyepangwa na mfumo, mkurugenzi ataniuliza nimeona nini. Nimwambie nimeona nini, soli?"

"Ndiyo. Mwambie soli."

"Mzee wangu, atanitumbukiza kwenye kopo lako la gundi." Akamrudishia kiatu. Mtu aliyewahi kukimbia mpaka watu wazima wakalia, leo anaogopa skrini. "Mambo ya soli yalikuwa ya wakati wetu," akasema, akarudi kuhesabu koni zake, na akaanza upya kutoka moja kwa sababu alishasahau alipofikia.

Kesho yake ndiyo ile Alhamisi.

Kwenye benchi la hospitali, wakati wanamshona binti yake ile kano ya nyuma ya kisigino, Mzee Gundi hakuwa na la kufanya ila kuyazungusha maneno ya Asilimia kichwani. Mbona yupo kijani. Mbona yupo kijani. Mpaka yakajikwaa. Kijani gani? Kijani cha nani? Mkanda namba kumi na nne uko ndani ya kopo, juu yake kuna vifungo mia mbili vya makoti na zipu tatu mbovu. Nani amefungwa mkanda ule mpaka akawa kijani?

Alirudi chumbani kwake chini ya jukwaa akalifungua kopo. Mkanda ulikuwepo, bizimu lake limelala kando kama jino lililong'oka.

Barua ya kambi ilikuja wiki ya tatu. Sindano alikuwa amekaa kwenye kiti chumbani kwa baba yake, plasta mpaka gotini, mguu juu ya kasha la nguo za marehemu mama yake, ambalo mzee alilileta pale kazini baada ya msiba. Aliisoma kwa sauti, maana miwani ya mzee ilikuwa ya kuonea uzi, si maandishi. Barua ilisema kwamba takwimu za mwanariadha zilionyesha utayari kamili hadi asubuhi ya tukio. Kwamba kwa hiyo inaelekea mwanariadha alificha maumivu kwa makusudi. Kwamba kamati itakaa, na ikithibitika, atarudisha kitanda, atatoka mikononi mwa daktari wa kambi, na jina lake litafutwa kwenye orodha zote.

"Kwa makusudi," mzee akarudia.

"Ndivyo walivyoandika."

"Wamekuvunja mguu, sasa wanakudai radhi."

"Baba, tafadhali. Usiende kugombana."

"Mimi nimegombana na nani?"

"Na kila mtu, tangu mama afe."

Mzee akachukua msasa, akausugua ubao ambao haukuhitaji kusuguliwa.

"Nikifutwa sasa hivi," binti akasema, "mguu huu utaangaliwa na nani? Daktari amesema miezi tisa ya mazoezi ya kuurudisha. Peke yangu siwezi. Nikibaki kambini nitakimbia tena. Nikitoka, nitachechemea mpaka uzee. Basi, ndiyo hesabu yenyewe."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, baba. Waliuliza mkanda." Kisha akasema polepole, bila ubaya, na hiyo ndiyo iliyochoma zaidi: "Na mkanda ulikuwa kwako."

Ni kweli ulikuwa kwake. Mishono miwili. Angeweza kuushona Jumanne ile ile kwa kipande chochote, na barua nyingine ya onyo angefungia misumari. Hakufanya. Aliogopa mhuri. Alikuwa ameogopa kama Kocha, tena kwa lastiki, na kwa kuwa hilo alilijua vizuri aliwachukia wenzake wa ghorofani mara mbili zaidi: kwa waliyomfanyia mtoto, na kwa kumgeuza yeye kuwa mmoja wao kwa siku tisa.

Alipobaki peke yake alifungua lile kasha. Sketi za marehemu zilikuwa bado zimekunjwa alivyozikunja mwenyewe, kingo kwa kingo, dobi hasa. Mzee akachukua ya bluu, akachomoa lastiki ya kiunoni, akauweka mkanda namba kumi na nne kwenye cherehani. Dakika kumi. Akaujaribu kwa kuuvuta. Ulishika.

Kamati ilikaa Jumatatu saa nne, ofisini kwa mkurugenzi. Zulia, kiyoyozi, viti vinavyozunguka, na ile skrini. Sindano aliingia kwa magongo na hakuna aliyemvutia kiti isipokuwa karani. Mkurugenzi alikaa katikati, Asilimia kulia kwake na kishikwambi, Kocha mwisho wa meza akiangalia mikono yake. Mzee Gundi alikaa na mfuko wa plastiki mapajani.

"Mzee, umeruhusiwa kuwepo kama mzazi," mkurugenzi alisema. "Si kama fundi."

"Sawa. Ufundi nimeuacha chini."

"Hatuko hapa kumwonea mtu. Tunafuata takwimu. Takwimu hazina shangazi wala mjomba."

"Hilo nimeliona," mzee akasema. "Hazina hata mama."

Karani akakohoa kidogo. Asilimia akawasha skrini, ukatokea mstari wa kijani unaopanda na kushuka taratibu, mzuri kabisa, kama vilima kwenye picha ya kalenda. Juu yake namba kumi na nne.

"Haya ni mapigo ya mwanariadha wakati wa mapumziko," akaeleza kwa sauti ya mtu anayewasomea watoto. "Kama mnavyoona, kuanzia tarehe tano hali yake inaboreka. Moyo unatulia. Mwili uko tayari kupokea mzigo. Hakuna dalili yoyote ya uchovu. Kwa hiyo, kama kulikuwa na maumivu, yalifichwa."

"Hebu nisomee tarehe," Mzee Gundi akasema. "Mimi sioni mbali."

"Tarehe tano mpaka tarehe kumi na tatu."

"Siku ngapi hizo?"

"Tisa."

"Na huo ni moyo wake."

"Ndiyo, mzee. Ni moyo wake."

Mzee akafungua mfuko. Akatoa kwanza fomu ya lastiki, nakala yake, yenye mhuri wa karani wa tarehe tano na nafasi ya saini iliyo tupu, nyeupe, safi kama siku iliyochapwa. Akailaza mezani mbele ya mkurugenzi. Kisha akatoa kopo, akafungua kifuniko, akachomoa mkanda katikati ya vifungo, akauweka juu ya fomu.

"Namba kumi na nne," akasema. "Ulikuja kwangu tarehe tano umekatika. Umekaa kwenye kopo hili mpaka mtoto akavunjika. Nimevisikiliza vifungo hivi miaka kumi na tisa, sijawahi kuvisikia vikipiga moyo."

Mkurugenzi akamgeukia Asilimia. Asilimia akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ni utaratibu wa kawaida," akasema. "Kifaa kisipotuma, mfumo hauwezi kuacha pengo. Pengo linaharibu mahesabu ya kikundi. Kwa hiyo unajaza kwa wastani."

"Wastani wa nani?"

"Wa wenzake. Unachukua wote, unajumlisha, unagawanya."

"Kwa hiyo mlichukua mioyo ya watu kumi na tisa," mzee akasema, "mkaikoroga kwenye sufuria moja, mkamchotea mwanangu kikombe, mkasema huu ndio moyo wako, kimbia nao."

"Mzee, hiyo si lugha ya kitaalamu."

"Nipe ya kitaalamu basi. Nisubiri?"

Hapo ndipo Kocha, ambaye hakuna aliyemwuliza, alipoongea huku bado anaangalia mikono yake.

"Wiki ile, watu kumi na moja kati yao walikuwa mapumzikoni. Walitoka mashindanoni Jumapili, nikawalaza." Akavigeuza viganja. "Wamelala kutwa. Ndiyo maana mstari unatulia. Huo ni moyo wa watu waliolala."

"Kocha!" mkurugenzi akasema.

"Na mzee aliniletea kiatu Jumatano. Niliona." Akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama Sindano, si mkurugenzi. "Niliona, mwanangu."

Mzee Gundi hakumshukuru. Wiki nne amechelewa, na sasa anataka kupigiwa makofi kwa kufika.

Mkurugenzi aliivuta fomu taratibu kwa kidole, akaiangalia ile nafasi tupu ambayo ilikuwa yake, akaigeuza kifudifudi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imepakwa mafuta.

"Jamani, sisi ni familia moja. Hakuna haja ya kukuza mambo. Mzee, mkanda huu ni mali ya kambi. Uache hapo mezani, na hii karatasi niachie mimi. Mimi nitaona kwamba barua ya binti yako inaangaliwa upya. Kitanda chake kipo. Daktari yupo. Tumeelewana?"

Ndivyo walivyo. Mguu wa mtoto wameuweka mezani kama mnadani, na mnada wenyewe ni mzee akubali kwamba siku zile tisa hazikuwahi kuwepo. Mzee Gundi aliutazama mkono wa mkurugenzi ukiusogelea mkanda. Akamtazama binti yake. Kitanda, daktari, miezi tisa. Alikuwa tayari kuinamisha kichwa. Kwa ajili yake angekubali, angekula matusi yote akashushia maji.

Sindano ndiye aliyewahi. Akaunyakua mkanda kabla mkono wa mkurugenzi haujafika. Akajigeuza kwenye kiti, akawapa kisogo wanaume wale wote, akaupitisha chini ya blauzi, bizimu likalia, tak. Alipoigusa lastiki mpya akasita. Aliijua. Alikuwa akiizungushia mikono alipokuwa mdogo, akimfuata mama yake kwenye kamba za nguo. Akamtazama baba yake mara moja, kisha akageuka mezani.

"Washa," akamwambia Asilimia.

"Samahani?"

"Namba kumi na nne. Washa, nione."

Asilimia akamtazama mkurugenzi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimezoea. Mtu wa namna ile akiambiwa washa, anawasha. Kile kijilima kizuri kikasogea kando, na pembeni mwa skrini ikatokea nukta mpya. Ikapepesa. Mia moja ishirini na sita. Mia moja thelathini na moja. Mia moja thelathini na nane. Mtu aliyekaa kwenye kiti, mguu kwenye plasta, hajasogea hata inchi moja, na nukta yake ni nyekundu kama kaa la moto, ukutani, pale pale ambapo wageni hupelekwa kuonyeshwa.

"Huu ndio wangu," Sindano akasema. Sauti yake haikutetemeka. Kilichotetemeka kilikuwa ukutani. "Sasa nataka kujua kitu kimoja kabla sijarudisha kitanda au kubaki nacho. Ule mwingine ulikuwa wa nani?"

Mkurugenzi akasema kwamba swali hilo ni la kitaalamu na litajibiwa kwa maandishi.

Huu sasa ni mwezi wa saba. Mchujo ulikimbiwa bila Sindano. Barua ya kumfukuza haijaja, na barua ya kumbakiza haijaja. Anaendelea kulala kwenye kitanda ambacho hakuna anayejua kama ni chake, na daktari wa kambi humpokea siku akijisikia, siku asipojisikia humwambia asubiri uamuzi wa juu. Asilimia bado yupo, amepewa msaidizi. Mikanda imebadilishwa yote, ipo mipya isiyotumia lastiki. Ule wa namba kumi na nne uko chini ya jukwaa, kwenye msumari, katikati ya soli, na tarehe zake tisa zimeandikwa juu yake kwa penseli.

Kila Jumatatu saa nne Mzee Gundi huvua aproni, hupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, na kusimama mbele ya meza ya karani. Karani anamjua sasa, hata kiti anamwekea, lakini mzee hakai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Wameshajibu? Moyo ule wa siku tisa ulikuwa wa nani?"